Zabibu za Dodoma zinasingiziwa mengi

Mwezi wa tatu nilioka keki ya zabibu mbichi, zile nyeusi za Hombolo, nakuja kuikata mbele ya wageni kila zabibu imezungukwa na doa la kijani linaloelekea buluu, utadhani mtu kamwagia wino. Shangazi akasogeza sahani pembeni taratibu, "mwanangu hizi wamezipulizia dawa, kuleni nyie." Na mi nkaamini, keki nzima ikaenda kwa kuku.

Kumbe hakuna cha dawa wala nini. Rangi ya zabibu nyeusi iko kwenye ganda na haitulii, ikikutana na kitu kichachu inakuwa nyekundu, ikikutana na soda inaenda buluu mpaka kijani. Mi nlikuwa nimetia bekingi soda kijiko cha chai kimejaa pomoni na ndani hamna kichachu hata kimoja. Siku hizi natumia bekingi pauda, au nikiweka soda basi nusu kijiko na kikombe cha mtindi, madoa yameisha. Hata yakitokea we kula tu, ni rangi.

Hili la dawa limetukaa kichwani sana. Ule unga mweupe juu ya zabibu watu wanausugua mpaka ganda linachubuka eti ndo sumu yenyewe. Ule ni nta ya tunda, unazuia maji yasitoke zabibu ikanywea, yani ukiuona umetanda sawasawa kichala kizima jua hazijashikwashikwa na mikono mingi. Sisemi wakulima hawapulizi, wanapuliza, salfa kwa mfano ni kawaida kwenye mizabibu sababu ya ukungu, kwahiyo kuosha ni lazima, ila osha zile unazokula saa hiyo. Ukiosha zote ukazitupia kwenye friji na majimaji yake zitaota ukungu mapema.

Alafu kuna wale wananunua zilizo chachu kwa bei ya kutupa wakitegemea zitaivia nyumbani. Embe inaiva, ndizi inaiva, hata pichesi inaiva. Zabibu ikishakatwa imeishia hapo, italainika, itanyauka, utamu hauongezeki. Onja moja kabla hujalipa, muuzaji pale Majengo hakunyimi, na angalia kikonyo kama bado kibichi.

Wanaosema msimu ni mmoja tu sijui huwa wanaishi wapi. Huku hatuna baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya, mkulima akipogoa unachipua upya, ndo maana tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, alafu tena Agosti na Septemba.

Sasa kwenye kuoka, kinachoharibu keki za wengi ni kudhani kikombe cha zabibu kavu ni sawa na kikombe cha mbichi. Mbichi ni maji karibu asilimia 80, kavu kama 15 hivi, ukibadilisha kienyeji tu keki inakuwa uji katikati. Mi nazikata nusu, natoa mbegu, nazitandaza kwenye trei na sukari kidogo, oveni nyuzi 200 dakika 15 mpaka 20 zinywee kidogo, ule mchuzi unaotoka nauchemsha ukiwa mzito namwagia juu ya keki, hapo jamani ndo penyewe. Huna oveni? Sufuria na mkaa, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Na ile ya kuzipaka unga ili zisizame inasaidia kidogo sana, kinachozishika ni rojo la keki kuwa zito.

Mbegu natoa sababu ni chungu ukizitafuna, sio kwamba zitakuletea kidole tumbo kama tulivyotishwa utotoni, ukimeza inapita zake. Cha kuogopa ni kumpa zabibu nzima mtoto wa chini ya miaka mitano, inateleza na inaziba koo barabara, mkatie vipande vinne kwa urefu.

Keki ya pili shangazi alikula vipande vitatu, ila kabla ya cha kwanza aliniuliza mara mbili kama nimeziosha.