Mitaa Isiyopenya

Chukua nyumba mbili zilizopeana mgongo. Ukuta mmoja tu umezitenganisha, na sauti za watoto husikika upande wa pili. Lakini mtoto wa nyumba hii akitaka kwenda kucheza na mwenzake wa nyumba ile, hana budi kutoka hadi barabara kuu, aifuate, kisha aingie mtaa wa pili mpaka mwisho wake. Hatua thelathini zimegeuka kilomita nzima.

Mji unaotanuka haraka huzaa mitaa ya namna hii kwa wepisi sana. Mwenye shamba pembezoni hukata viwanja vyake, huchora njia moja ya kutokea barabara kuu, basi. Jirani yake hufanya vivyo hivyo, wala hawaulizani njia zao zitakutana wapi. Ndipo safari zote, hata ya kwenda dukani, zinapomwagikia barabara ile ile. Foleni ikitokea tunalaumu wembamba wake, tunaipanua, na baada ya muda inajaa tena. Basi la abiria haliingii mtaani kwa kuwa halina pa kutokea. Mwenye uwezo hununua gari, asiye nao hutembea. Na gari la zimamoto likikuta njia hiyo moja imezibwa, hakuna pa kuzungukia. Hilo la mwisho ndilo linaloniumiza zaidi.

Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, hushauri makutano ya barabara yasiyopungua 80 hadi 100 katika kila kilomita ya mraba. Wapo wanaopenda mtaa uliofungwa kwa utulivu wake, nami nawaelewa. Zuieni magari basi, ila acheni kichochoro cha waendao kwa miguu na baiskeli.

Kosa hili halisahihishiki kirahisi. London ilipoteketea mwaka 1666, michoro ya mitaa mipya ililetwa upesi, lakini wenye viwanja walishikilia mipaka yao na sehemu kubwa ya mji ikajengwa juu ya njia zile zile za zamani. Nyumba zilikuwa majivu, mitaa ikabaki.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kiwanja, omba kuona ramani ya eneo lako pamoja na ya jirani. Kama njia inaishia mpakani bila kuendelea ng'ambo, liulize hilo siku hiyo hiyo, wakati bado ni mstari wa kalamu.