Kwani kila profesa anastahili makala Wikipedia? Dhana potofu na ukweli

Ikianza tu stori ya nani aandikiwe makala kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, watu wanakimbilia cheo. Huyu ni dokta, yule profesa, basi aandikwe. Ngoja kwanza. Wahariri wa kule wanachouliza ni kazi ya huyo msomi imewafanya wenzake wafanye nini, na je kuna maandishi ya watu wasiohusiana naye yanayoonyesha hivyo.

Dhana: Akishapata PhD au akiitwa profesa, kapita.

Ukweli: Wapi. PhD ndo kabisa, wenye nayo wamejaa tele. Cheo kinachobeba uzito ni kile cha juu kuliko uprofesa wa kawaida, mfano kiti cha uprofesa chenye jina maalum kwenye chuo kikubwa, au kuongoza chuo kikuu chote. Ukuu wa idara hauhesabiki, wa kitivo nao kwa kawaida hautoshi.

Dhana: Kama magazeti hayajamwandika, hafai.

Hii inawaponza wengi, mpaka wahariri wenyewe. Wikipedia ya Kiingereza ina mwongozo wa wasomi peke yao, vigezo 8, na ukitimiza kimoja tu umepita: kazi iliyoacha alama kwenye fani yako, tuzo kubwa ya kitaaluma, kuchaguliwa kwenye akademia ya sayansi kama Royal Society ya Uingereza, kuwa mhariri mkuu wa jarida kubwa na kadhalika. Gazeti si lazima, ila ushahidi lazima.

Sasa mcheki Donna Strickland, mwanafizikia wa leza wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Mei 2018 rasimu ya makala yake ilikataliwa kwa hoja kwamba vyanzo vilivyowekwa havionyeshi kama anastahili, halafu 2 Oktoba mwaka huohuo akatangazwa mshindi wa Nobeli ya Fizikia pamoja na Gérard Mourou na Arthur Ashkin, mwanamke wa 3 kuipata baada ya Marie Curie 1903 na Maria Goeppert Mayer 1963. Makala ikapanda siku hiyohiyo. Watu wakasema ah, kumbe mpaka Nobeli! Lakini pepa yake na Mourou, yaani makala ya utafiti iliyowapa hiyo Nobeli, ilitoka 1985, na mwaka 2013 alikuwa rais wa The Optical Society, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa mwanga. Yaani alikuwa anastahili zamani sana, na siku ile ya Nobeli alikuwa hata hajawa profesa kamili. Wenye kupima kwa cheo mnasemaje hapo?

Dhana: h-indeksi ikiwa kubwa mjadala umeisha.

Ukweli: h-indeksi ya 20 maana yake ana pepa 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Basi. Haikwambii yeye alifanya nini ndani yake. Mwaka 2015 timu za ATLAS na CMS pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, zilitoa pepa yenye waandishi zaidi ya 5,000, sasa kila mmoja wao akidai nukuu zote ni zake si balaa? Tena mtu wa hisabati ananukuliwa kidogo kuliko wa tiba, kwa hiyo mlinganishe na wenzake wa fani yake. Mimi naona ufungue pepa zake zinazoongoza kwa nukuu uone jina lake limekaa wapi, japo kwenye hisabati majina hupangwa kwa alfabeti, nafasi haisemi kitu. Angalia pia kama profaili yake ya mtandaoni inayohesabu nukuu haijachanganya watu wawili wa jina moja, hii inatokea mno. Na mwanahistoria usimpime kwa namba hizo kabisa, huyo tafuta vitabu vyake vimehakikiwa na nani kwenye majarida.

Dhana: Ana uanachama wa jumuiya kibao, huyo mkubwa.

Kuna uanachama wa kuchaguliwa na kuna wa kulipia ada. Wa kulipia, hata ziwe jumuiya 10, ni sifuri.

Dhana: Msomi ajiandikie tu, nani anamjua kuliko yeye?

Haijakatazwa moja kwa moja ila inakatishwa tamaa sana, na ukimlipa mtu akuandikie lazima atangaze kwamba kalipwa. Halafu makala haitakuwa mali yako, ukija kuwa na kashfa yenye vyanzo nayo itaingia humohumo na huwezi kuamuru itolewe.

Dhana: Makala ikifutwa, basi huyo mtu si lolote.

Mjadala wa kufuta kwa kawaida unakaa siku 7, na hoja ndo zinapimwa, kujaza marafiki waje kuandika "ibaki" hakusaidii. Ikifutwa maana yake vyanzo vilivyokuwepo havikutosha kwa wakati ule, vikipatikana vipya inaandikwa tena.