Mgambo wa waungwana wa Poland: nani aliitwa vitani, na asiyefika alifanywa nini

Tangu maonyesho yetu ya silaha yafunguliwe, malalamiko yanayofika kitengo cha elimu ni yale yale: kwa nini bango linasema mgambo wa waungwana walijisalimisha, wakati "wale wapanda farasi wenye mabawa" walisaidia kuokoa Vienna iliyozingirwa na Waturuki mwaka 1683? Tunashukuru kwa kutuandikia. Lakini hayo ni majeshi mawili. Husari, yaani huyo mpanda farasi mwenye mabawa, alikuwa askari wa mshahara, kaandikishwa chini ya mkuu wa kikosi. Mtu wa pospolite ruszenie, yaani mgambo, aliitwa kwa kuwa ni mwungwana mwenye ardhi, basi.

Utaratibu ulikuwa huu. Mfalme hakujipigia mbiu apendavyo. Kwa ahadi za Cerekwica na Nieszawa za mwaka 1454, Mfalme Kazimierz wa Nne alilazimika kupata kwanza ridhaa ya mabaraza ya waungwana mikoani. Baadaye ridhaa ikawa ya Sejm, bunge lao. Ikishapatikana, zilitoka barua za wito, wici. Sisi tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwao ilikuwa ilie mara tatu. Mbili za kujiandaa, ya tatu ya kupanda farasi. Kasteliani, ofisa wa eneo aliye chini ya voivoda, alikusanya watu wa eneo lake akawafikisha kwa huyo voivoda, mkuu wa mkoa. Majina yakasomwa, farasi na silaha vikakaguliwa. Mgonjwa au mzee alileta mtu badala yake, tena mwenye silaha kamili. Ndugu ambao hawajagawana urithi walimtoa mmoja wao. Asiyefika bila udhuru, adhabu yake kisheria ilikuwa kunyang'anywa ardhi. Tumesema "kisheria" makusudi. Mtu asisome hapo kwamba kila mtoro alifilisiwa.

Kuvuka mpaka ni habari nyingine. Tangu hati ya Koszyce ya mwaka 1374, ambayo mfalme aliwapa waungwana haki zao, mfalme akiwapeleka nje ya nchi, hasara zao zilikuwa juu yake.

Mwaka 1537 Mfalme Zygmunt wa Kwanza aliwaita karibu na Lwów (leo Lviv, Ukraine) waende kupigana Moldavia. Walikuja, wakapiga kambi, wakaanza kumlalamikia yeye na mkewe, Malkia Bona, aliyekuwa akijikusanyia mashamba. Vita havikupiganwa. Kilichoisha ni kuku wa vijiji vya jirani, kisha kila mtu akarudi kwake. Wapoland mpaka leo huita tukio hilo Vita vya Kuku.

"Kwa hiyo walikuwa waoga?" Swali hili tumeulizwa mara nyingi kuliko linavyostahili. Kweli, mwaka 1454 walivunjwa na Wateutoni, wapiganaji wa shirika la kidini la Kijerumani, pale Chojnice, na Julai 1655 mgambo wa Wielkopolska, eneo la magharibi mwa Poland, waliweka silaha chini mbele ya Waswidi pale Ujście. Lakini Beresteczko, mwaka 1651, walikuwamo katika jeshi la Mfalme Jan Kazimierz lililowashinda Wakozaki na Watatari. Baada ya ushindi huo walikataa kuendelea kuwafukuza adui, wakaenda nyumbani. Hapo ndipo penye tatizo: mtu mwenye shamba, anayejilipia farasi wake, humzuii kambini kwa miezi. Serikali yenyewe ililijua hilo mapema. Kuanzia miaka ya 1560 ilitenga robo ya mapato ya mashamba ya mfalme kulipa askari wa kudumu wa kulinda mpaka wa kusini-mashariki.

Bango la Ujście litabaki lilivyo. Lile la husari tutaliongezea neno moja: "wanaolipwa".