Ulinzi shirikishi: daftari kabla ya rungu

Nyumba mbili tatu zikivunjwa ndani ya wiki moja, wakazi hukimbilia kutafuta vijana wenye nguvu, wakawanunulia tochi, filimbi na marungu, kisha kila kaya ikachangishwa. Wizi hupungua kwa muda. Halafu walinzi huzoea kukaa kijiweni wakiota moto, michango huanza kusuasua, na milango huvunjwa tena. Ukitaka kujua mapema kama kikundi cha namna hiyo kitadumu, usihesabu marungu. Omba uoneshwe daftari la doria.

Wazo lenyewe si geni Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wafugaji na wakulima wa Usukuma na Unyamwezi walichoshwa na wizi wa ng'ombe, wakaunda sungusungu, na mwaka 1989 sheria ikayatambua makundi hayo. Nguvu yake ilitokana na kila kaya kutoa mtu. Udhaifu wake ulikuwa pale walipojigeuza mahakama. Polisi jamii ya leo, yaani wakazi na polisi kulinda mtaa kwa pamoja, imechukua nguvu hiyo na kujaribu kuuziba udhaifu huo kwa kumweka askari ndani ya kata, yule tunayemwita Polisi Kata, ili mlinzi wa mtaa awe na mtu wa kumkabidhi jambo.

Kikundi huanzia kwenye mkutano wa wakazi, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji na Polisi Kata. Kwa Zanzibar, sheha ndiye mhusika. Mkutano upitishe majina ya walinzi, kiasi cha mchango na mtu wa kutunza fedha, ambaye asiwe mmoja wa walinzi. Kila mchango utolewe stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe hadharani. Pasipo stakabadhi, mwezi wa pili watu huacha kulipa, na mlinzi asiyelipwa huanza kujilipa kwa wapita njia.

Majina yapelekwe kituoni kabla mtu hajapewa filimbi. Mlinzi wa usiku hujua nani amesafiri, nyumba ipi haina mbwa na duka lipi lina kufuli bovu. Akiwa mshirika wa wezi, mtaa utakuwa umemkabidhi ramani yake wenyewe.

Kwa mtaa wa kawaida, watu sita hadi wanane kwa usiku wanatosha, wakigawanyika makundi mawili, na asiwepo anayetembea peke yake. Zamu ianze saa tano usiku na kuisha saa kumi na moja alfajiri. Kosa kubwa ni kupita njia ile ile kwa saa ile ile. Mwizi akikaa usiku mbili ndani ya pagala anaijua ratiba kuliko mwenyekiti. Kosa la pili ni kuvunja zamu saa tisa kwa sababu ya usingizi, wakati hizo ndizo saa ambazo mtaa mzima umelala fofofo. Walinzi wavae vizibao vinavyong'aa na wawe na vitambulisho, maana gari la doria likikutana gizani na watu wanane wenye marungu halina namna ya kujua ni akina nani.

Sasa daftari. Liwe na safu za tarehe, saa, mahali, kilichoonekana, hatua iliyochukuliwa na saini. "Usiku ulikuwa shwari" haimsaidii mtu yeyote. Andika hivi: saa 8:20 usiku, njia ya nyuma ya soko, pikipiki mbili bila taa, mmoja amepakia mfuko mkubwa, wameelekea barabara kuu. Siku moja mstari huo ni mdogo. Ukijirudia Ijumaa tatu mfululizo, polisi wanajua wapi wategee na saa ngapi. Ndiyo maana Polisi Kata anapaswa kulisoma na kulisaini walau mara moja kwa wiki. Asipolisoma, walinzi huacha kuandika, na hawana lawama.

Tukio likiwa linaendelea, piga 112, ni bure, au namba ya Polisi Kata, ambayo iwe imeandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Taja mahali kwanza, pamoja na alama inayojulikana: msikiti, shule, kisima, mnara wa simu. Simu ikikatika hapo, askari tayari wana pa kuelekea. Kisha sema kinachotokea, watu wangapi, wana silaha gani, wameelekea wapi. Pikipiki soma namba inayoanza na MC, hata kama umeshika herufi tatu tu za mwisho. Kwa mtu, angalia viatu na mwendo. Shati huvuliwa kichochoroni, viatu havibadilishwi kirahisi.

Asubuhi, aliyeibiwa aende kituoni mwenyewe kuandikisha na achukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake katika kitabu cha kituo. Kumwambia mwenyekiti hakutoshi, kwa kuwa taarifa isiyo na RB haina jalada wala mpelelezi. Kama kilichoibwa ni simu, polisi wataulizia IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Bonyeza *#06# leo, uiandike mahali nje ya simu hiyo.

Tuje kwenye lalamiko linaloua ari ya wakazi kuliko yote: "Tumemkamata jana, leo yuko mtaani." Sababu huwa kadhaa, na rushwa inaweza kuwa mojawapo; ukiishuku, piga TAKUKURU, namba 113. Lakini mara nyingi mtuhumiwa amepewa dhamana, ambayo kwa makosa yanayodhaminika ni haki yake na ya polisi haina malipo. Au shauri limeharibikia mikononi mwetu sisi raia.

Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumlaza ofisi ya mtaa hadi kesho hakuruhusiwi. Kumpiga ili ataje wenzake kunaharibu kila kitu, kwa sababu maelezo yaliyotolewa kwa kipigo hayasimami mahakamani, na Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mateso na inataka mtu asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike. Akifa, kila aliyeshiriki anaweza kushtakiwa kwa mauaji, hata aliyeleta tairi tu. Hili tunalisema kwa uchungu, maana wamekufa watu ambao kosa lao lilikuwa kupita njia ngeni usiku.

Vielelezo navyo vina adabu yake. Televisheni iliyokutwa mkononi mwa mtuhumiwa isirudishwe kwa mwenyewe usiku ule ule, ingawa analia. Iende kituoni pamoja na mtuhumiwa, na daftari lioneshe nani aliikuta, saa ngapi, nani alikuwepo, na askari gani aliipokea. Panga au nondo isipokezanwe mkono kwa mkono na watu kumi. Wakili wa utetezi huanzia hapo hapo: mliipata wapi, nani aliishika, mnajuaje ni hii?

Jina la aliyetoa taarifa lisiandikwe kwenye daftari ambalo kila mlinzi analisoma. Mtoa taarifa alipeleke mwenyewe kwa Polisi Kata au mkuu wa kituo. Na picha ya mshukiwa isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ikiwa siye, hakuna awezaye kuifuta kwenye simu mia mbili.

Polisi nao wanadaiwa. Kwenye kila mkutano wa wakazi, mwombeni Polisi Kata asome matukio mangapi yameripotiwa, mangapi yana jalada, mangapi yamefika mahakamani, na yapi yamekwama kwa sababu shahidi hakutokea. Orodha hiyo ya mwisho isomwe polepole, kwa namba za kesi bila majina, kwa kuwa shahidi anayesubiriwa mara nyingi amekaa humo humo mkutanoni.