Chuma kilichodondoka toka angani sio skrapa yako

Tangu kampeni yetu ya kuripoti mabaki ya roketi na setilaiti yanayodondoka toka angani ianze, watu wanatutumia picha za mabonge ya chuma, na swali ni lile lile, hii inauzwa bei gani? Haiuzwi jamani. Mkataba wa anga za juu wa 1967 uko wazi, chombo kinabaki mali ya aliyekimiliki wakati kinarushwa, hata kikirudi duniani kikiwa vipande vipande katikati ya mahindi yako. Na msiseme ni mambo ya mbali, Desemba 2024 pete ya chuma ya kama kilo 500 ilidondoka kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya.

Ukikikuta usikiguse, usikigonge nyundo, watoto wakae mbali. Ule mpira mweusi uliozungushiwa nyuzi ngumu ni tangi la presha, na baadhi ya matangi ya roketi na setilaiti hubeba haidrazini, yaani mafuta ya kusukumia chombo, ni sumu hata kwa kuivuta hewani. Piga picha kwa mbali, washa lokesheni, andika saa, ripoti polisi, wao watatufikishia. Nchi nayo inatakiwa imjulishe aliyerusha pamoja na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo ukikihamisha umetuharibia faili zima.

Fidia ipo, ila sio wewe unayeandika barua ubalozini (na wapo wanaoandika). Kwa mkataba wa 1972 nchi iliyorusha inawajibika kwa madhara ya ardhini hata kama haikuzembea, lakini dai linatoka serikali kwenda serikali, kidiplomasia, ndani ya mwaka mmoja tangu madhara yatokee au tangu mrushaji ajulikane. Setilaiti ya Kosmos 954 ya Wasovieti ilimwaga mabaki yenye mionzi Kanada 1978, Kanada ikadai dola zake kama milioni 6, ikalipwa milioni 3 mwaka 1981. Kwa hiyo sisemi kila paa lililotoboka litalipwa lote, nasema bila picha za kabla ya kuhamisha hatuna hata pa kuanzia.

Wenye video za mabaki yakipita angani pia tunawahitaji sana. Kimondo kinapita sekunde chache, mabaki yanakwenda taratibu yakimeguka, wakati mwingine zaidi ya dakika, na tukijua saa na uelekeo tunalinganisha na ratiba za vyombo vinavyotarajiwa kurudi ndo tunajua ni roketi ya nani. Tuma faili yenyewe kutoka kwenye simu iliyorekodi, ile iliyozunguka magrupu imeshapoteza saa yake, na ukishaiwekea muziki hata mlio wa mpasuko hatuusikii.