Jon Postel: yanayosemwa juu yake na ukweli wenyewe

Jon Postel, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa walioijenga intaneti, alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 55. Wengi hawajawahi kumsikia, na baadhi ya wanaomfahamu wanambebesha sifa zisizo zake au lawama asizostahili.

Dhana: Intaneti ilijipanga yenyewe, haikuwa na mtu wa kuiratibu.

Si kweli. Mei 1972, Postel akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA, aliandika waraka mfupi, RFC 349 (RFC ni mfululizo wa nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti), kuhusu namba zinazoijulisha kompyuta kwamba ujumbe unaoingia ni wa huduma ipi. Alipendekeza awepo mtu mmoja wa kuzigawa, kisha kwenye mabano akauliza: mimi? Kazi ikawa yake. Bila orodha moja inayokubalika na wote, programu mbili zingeweza kujichukulia namba ileile, na barua pepe ikaishia kwenye programu isiyojua pa kuipeleka. Hadi leo seva za barua pepe hupokezana ujumbe kwa namba 25. Shughuli hiyo ilikuja kuitwa IANA, na kwa miaka mingi IANA ilikuwa Postel na wenzake wachache, akiwemo Joyce Reynolds, katika taasisi ya ISI ya Chuo Kikuu cha Southern California. Nani angekubali leo kufanya kazi ya kuchosha namna hiyo kwa uangalifu ule?

Dhana: Ndiye aliyebuni mfumo wa majina ya tovuti.

Mfumo huo, DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Postel ndiye aliyemkabidhi kazi hiyo. TCP na IP, kanuni za kusafirisha data kwenye intaneti, nazo chimbuko lake ni wahandisi Vint Cerf na Bob Kahn. Mchango wa Postel, ambao kwa maoni yangu hauthaminiwi inavyostahili, ni uhariri. Alizihariri nyaraka za RFC kwa karibu miaka 30, zikiwemo RFC 791 na 793 za mwaka 1981 zinazoeleza IP na TCP kwa usahihi wa kumwezesha mhandisi asiyewajua waandishi wake kutengeneza programu inayoelewana na ya wengine. SMTP, itifaki ya kutuma barua pepe, aliiandika mwenyewe mwaka 1982.

Dhana: Alikuwa akiamua nchi ipi ipewe herufi zake mbili za mwisho wa anwani ya tovuti, kama .ke.

Alilikwepa jambo hilo kwa makusudi. Alichukua ISO 3166, orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi iliyokuwepo tayari, na katika RFC 1591 ya mwaka 1994 akaandika wazi kwamba si kazi ya IANA kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi.

Dhana: Januari 1998 alijaribu kuiteka intaneti.

Hapa ndipo anapoonewa zaidi. Wakati huo seva za mzizi, ambako utafutaji wa majina katika DNS huanzia, zilinakili faili lao kutoka seva kuu ya kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na mkataba na serikali ya Marekani. Tarehe 28 Januari Postel aliwaandikia waendeshaji wa seva 8 zisizo za serikali hiyo, akawaomba wanakili kutoka kwenye mashine ya IANA badala yake. Wakafanya hivyo. Watumiaji hawakuhisi chochote, kwa sababu majina yalibaki yaleyale. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Clinton, alipoingilia kati, Postel alisema lilikuwa jaribio, na seva zikarudishwa zilikokuwa.

Kwamba alikuwa na ujumbe wa kufikisha, sina shaka: siku mbili baadaye serikali ya Marekani ilitoa mapendekezo yake kuhusu usimamizi wa majina ya tovuti. Lakini mtekaji hutumia nguvu, na Postel hakuwa na sheria ya kumlazimisha mtu. Waendeshaji walikuwa huru kumkatalia. Walimkubalia kwa sababu kwa miaka mingi walikuwa wakipokea namba na majina kutoka kwake, na walijua kazi yake.