Nishati ya mtu hupimwa kutoka wapi?

Tunasema fulani "amepoa kiroho", mwingine "ana mzuka", yule "nishati yake iko chini". Hivyo vyote ni vipimo, na kila kimoja kinategemea mahali anaposimama anayepima: hali yake mwenyewe, watu aliowazoea, hata saa yenyewe. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alilieleza hilo mwaka 1690 kwa maji: maji yale yale mkono mmoja huyaona ya baridi, mwingine huyaona ya moto.

Chukua muumini wa Dar es Salaam aliyezoea mkesha wa maombi, vipaza sauti na watu wakilia hadi alfajiri. Mwingize kwenye ibada ya Azania Front, kanisa la Kilutheri, tenzi zikiimbwa kwa utulivu, ataona kanisa limelala. Aliyelelewa humo naye ataona mkesha ni kelele tu. Zikri nayo ni hivyo: wapo wanaoileta kwa sauti na mwili mzima, wapo wanaoileta moyoni, kimya.

Tena tunachanganya mambo mawili. Mwaka 1980 mwanasaikolojia James Russell alizipanga hisia kwa mihimili miwili, mmoja wa kuchangamka na kutulia, mwingine wa raha na karaha. Mwenye amani na mwenye huzuni wote huweza kukaa kimya, na wewe wa pembeni ukawaona sawa.

Namba nazo haziokoi. Daktari wa akili wa Marekani, David Hawkins, aliweka ngazi ya 1 hadi 1000 ya kupima kiwango cha ufahamu wa mtu, ujasiri ukiwa 200 na upendo 500, akipima kwa kusukuma mkono wa mtu aone kama misuli italegea. Upimaji huo wa misuli ulipojaribiwa na wapimaji wasiojua jibu linalotarajiwa, mara nyingi haukuzidi kubahatisha.

Mimi naona haki ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe. Dada aliyeamka saa kumi alfajiri Mbagala, akasimama kwenye daladala hadi Kariakoo na kuuza kutwa, jioni akinyamaza kwenye jumuiya, kumwambia imani imeshuka ni kumwonea. Muulize kwanza amelala saa ngapi. Lakini kama wiki mbili sasa hali chakula, hapati usingizi, hataki watu, na hakuwa hivyo, hapo usibishane juu ya vipimo. Mpeleke hospitali, Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili.